Mume wa Boke

Watoto wengine wa Kerende walirudi likizo fupi na nguo chafu na njaa. Regina alirudi na nguo chafu, njaa, na neno moja la Kiingereza alilokabidhiwa shuleni kama mtu anayekabidhiwa mbuzi wa kuchunga.

"Bibi, shikamoo. Nimepewa neno," alisema kabla hata ya kutua begi.

"Marahaba. Neno la kula au la kupanda?"

Aliyeuliza alikuwa Gati, amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, anakagua kwato za ndama aliyekuwa anachechemea. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliokwishavuka mto. Kijijini walimpenda sana na kumwogopa kidogo, na yeye mwenyewe aliona hapo wangebadilisha vipimo.

Regina akaeleza. Shule yao ya bweni kule Nkende, mjini Tarime, ilikuwa imepata mwalimu mgeni wa Kiingereza, Madamu Klementina, mtu wa Bukoba. Huyo madamu alikuwa amebuni sherehe aliyoiita Siku ya Neno. Kila mtoto wa darasa la sita amepewa neno moja la Kiingereza, la kawaida kabisa, lile ambalo watu hulitamka bila kuliangalia usoni. Siku ikifika atasimama mbele ya wazazi aseme maana yake, lilikotoka na linavyotumika, kisha aonyeshe mfano hai. Aliyepewa maziwa atakuja na maziwa. Aliyepewa kabati, Mungu amsaidie.

"Na wewe umepewa lipi?"

"Husband."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mume."

Gati akauachia mguu wa ndama. Boke, mama yake Regina, aliyekuwa anapepeta mtama mlangoni mwa jiko, akaacha kupepeta.

Ni vizuri tuelewane hapa mapema, maana msomaji wa mbali anaweza kutuacha njiani. Kwenye mji ule, yaani boma lile la Gati, hapakuwa na mwanaume. Mwenye mji alikuwa Gati. Alifiwa na mumewe bila kupata mtoto, akabaki na shamba, ng'ombe na ulimi. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo halazimiki kukaa akisubiri ukoo uje kugawana mali yake, anaoa. Anatoa ng'ombe wa mahari kama mwanaume yeyote, analeta mke nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni watoto wa mji wake. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na mambo ya kitandani hayamo. Mwanaume aliyemzaa Regina alijulikana, hakuwa na neno, na hakuna aliyemuuliza.

Boke hakuletwa akiwa mtoto wala hakuburutwa. Alikuwa mtu mzima aliyekimbia ndoa ya ngumi kule Nyangoto. Ng'ombe wa Gati ndio waliorudisha mahari ya yule bwana wa ngumi ili Boke awe huru, na Boke mwenyewe ndiye aliyewaambia ndugu zake, "Kwa mama Gati nitakwenda."

"Sasa lilitoka wapi hilo neno?" Gati aliuliza. Alikuwa ameshavutiwa, na Gati akivutiwa na jambo hakupi usingizi mpaka ulimalize.

Regina akasimama wima, mikono nyuma. "Madamu alitufungulia kamusi kubwa. Anasema zamani sana halikuwa neno la ndoa. Lilikuja Uingereza na watu wa kaskazini, watu wa baridi, lilikuwa vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Kipande kimoja ni nyumba. Kingine ni mkaaji, mtu mwenye makao yake, anayesimamia shamba na mifugo. Habari za mke ziliingia baadaye."

"Baadaye!" Gati akapiga paja.

"Na mpaka leo ile maana ya zamani bado haijafa. Elimu ya ufugaji wanaiita 'animal husbandry'."

"Kumbe ndicho alichosomea yule bwana mifugo anayeogopa ng'ombe?" Gati akacheka mpaka ndama akasogea pembeni. "Hawa Wazungu walikuwa na akili, zamani. Boke, umesikia? Mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye ng'ombe. Sasa hapa ni nani huyo?"

Mgodi wa dhahabu wa jirani ukalipua miamba wakati huohuo, kama ulivyozoea kufanya mchana, vikombe vikagongana kabatini. Boke akasema anakwenda kuangalia kama kuna kilichovunjika.

Jioni nzima Gati alitembea na neno lake. Alilitamka kwa namna yake, "hasibandi," akawaambia ng'ombe wakati wa kukamua, akamwambia jirani aliyepita kuazima jembe. Alikwishaamua atavaa gauni lake la zambarau lenye mikono mipana na kilemba cha kitenge kipya. Mfano hai umepatikana, akasema, tena unajua kuongea.

Walipokaa kula, Boke hakugusa ugali. Alimsubiri Regina aende kunawa, kisha akasema taratibu, akiangalia bakuli la mboga.

"Mama, wewe usisimame siku hiyo."

"Kwa nini nisisimame?"

"Watamcheka mtoto. Kule ni mjini. Kuna watoto wa maofisa, kuna watoto wa watu wa mgodini waliotoka Mwanza na Dar. Hawajui mambo yetu. Nakumbuka mimi nilivyochekwa kliniki. Nesi aliniuliza mume wangu anaitwa nani, nikasema Gati, akaniuliza kama ana ndevu. Foleni nzima ilicheka. Mimi nilivumilia, lakini Regina ataishi na wale watoto bwenini mpaka amalize la saba."

"Mficha uchi hazai, Boke."

"Mimi nimezaa, mama. Ndiyo maana naogopa."

Gati akalirudisha tonge sahanini. Boke akamalizia lililobaki: ameshaongea na Waitara. Waitara, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, atavaa koti, atasimama kama baba, atakula pilau, mambo yataisha.

"Wewe uje," Boke akaongeza haraka. "Ukae na sisi. Uje kama bibi."

Kama bibi. Gati aliutafuna mkate huo bila chai. Alijua Boke anamlinda mtoto, na aliheshimu hilo. Lakini lilimwuma, tena lilimwuma pabaya. Miaka yote ile, popote walipokwenda wawili, sokoni, kanisani, msibani, Boke alimtambulisha kwa maneno yaleyale: "Huyu ni mama yangu." Hakuwahi kusema kwa kinywa chake, mbele ya watu na Gati akiwepo, kwamba huyu ndiye aliyenioa. Gati alikuwa amejiambia kwamba ni aibu ya kawaida ya mtu mpole. Sasa alianza kujiuliza kama Boke haoni aibu ya jambo lenyewe, na kama ni hivyo, siku Regina akishakua atabaki Kerende kufanya nini. Mwanamke kijana, mzuri, mchapakazi. Barabara ya kwenda Tarime haina lango.

"Sawa," akasema. "Nitakaa kimya. Nimekuahidi."

Akaenda kuhakikisha lango la zizi limefungwa, ingawa alikuwa amelifunga mwenyewe.

Sasa tuje kwa Waitara. Alikuwa mtu mwema wa makamo, mgane, mwenye koti moja la kijivu na hamu kubwa ya kulivaa. Kazi ile aliipokea kama uteuzi wa wizara. Alianza kuja kila asubuhi "kufanya mazoezi", na mazoezi yenyewe yalifanana sana na kunywa chai. Alimuuliza Regina anapenda somo gani. Alimuuliza Boke mume husimama vipi. Siku moja Gati alirudi kutoka malishoni akamkuta amekaa kwenye kigoda chake, miguu imenyooshwa, anakohoa kile kikohozi cha mwenye nyumba anayetaka watoto watulie.

"Waitara."

"Naam, mama."

"Hicho kigoda unakijua?"

"Nilikuwa nazoea tu, mama. Ili siku ile nisionekane mgeni."

"Kazoee kwako. Na hicho kikohozi nenda nacho."

Waitara akaondoka na kikombe mkononi, akakirudisha kesho yake. Boke alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na Gati akacheka naye, kwa kuwa kucheka na Boke lilikuwa jambo jepesi kuliko yote duniani. Kesho yake alibaki na uchungu uleule.

Siku ya Neno ikafika. Shule ilikuwa imefunga maturubai uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, na harufu ya pilau ilikuwa inazunguka kila safu ikiwaharibia watu utulivu. Waitara aliketishwa mbele, kwenye viti vya mifano hai, kati ya kuku mwekundu ndani ya tenga na mzee mmoja aliyeletwa kwa ajili ya neno "babu". Gati alikaa safu ya nyuma. Gauni la zambarau alilivaa hivyohivyo. Ahadi ilikuwa ya mdomo, haikugusa nguo. Boke alikaa kando yake, mikono imebanwa magotini.

Watoto walipita mmojammoja. Neno "sukari" lilitoka Uhindini likapita Uarabuni kabla ya kufika kwa Wazungu, na mtoto aliyelieleza akalamba mfano wake kabla hajamaliza. Wazazi walipiga makofi kwa kila kitu. Madamu Klementina, mwembamba, mwenye miwani na furaha ya mtu anayeona wazo lake linatembea kwa miguu yake, alishika kipaza sauti akimshukuru kila mmoja.

Regina aliitwa wa mwisho. Alieleza vizuri kiasi kwamba hata wapishi walisogea. Akasema Kiingereza kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili: nyumba na mkaaji, shamba na mifugo, mke akaja baadaye. Akasema linavyotumika leo kwenye vyeti vya ndoa na kwenye vyuo vya mifugo. Akasema Kiswahili nacho si cha kuchekwa, kwa kuwa bwana shamba hajaoa shamba. Watu wakaangua kicheko kizuri. Gati alijisahau akataka kusimama kupiga vigelegele, Boke akamshika mkono.

"Na mfano hai?" Madamu Klementina aliuliza.

Regina akanyoosha mkono kuelekea viti vya mbele, bila kutazama. "Ni yule pale."

Waitara akainuka. Akafunga kifungo cha koti. Akakohoa kile kikohozi. Makofi yakapigwa, akainamisha kichwa kushoto na kulia, na pengine mambo yangeishia hapo kwa amani, Waitara angekula pilau lake na Gati angerudi Kerende na moyo wake mkononi. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Madamu Klementina alikuwa mgeni anayependa kujifunza. Tangu afike Tarime alikuwa ameambiwa kwamba kwa Wakurya, mtoto anapokwenda kwenye jambo zito, mwenye mji humbariki: humtemea kifuani maziwa kidogo, au pombe, akamtamkia maneno. Alilipenda jambo hilo. Akaona leo ndiyo nafasi ya kuwapa wenyeji heshima yao.

"Baba Regina," akasema kwenye kipaza sauti, uso umemchangamka, "kabla hujakaa, naomba umbariki binti yako kwa mila ya hapa. Mwakani ana mtihani mkubwa. Maziwa tumeshayanywa, lakini maji yapo."

Akampa chupa ya maji.

Waitara akaipokea. Akaitazama kama mtu aliyepewa nyoka kwa heshima. Kicheko kikakatika kwenye safu za wazee, maana wao walikuwa wanamjua Waitara ni wa mji gani na mtoto ni wa mji gani. Kuvaa koti la mume ni mchezo, na Mkurya anapenda mchezo. Baraka si mchezo. Mtu hatamki baraka kwenye mji usio wake huku mwenyewe akiwa hai, anapumua. Ni kama kumwibia ng'ombe mchana kweupe, isipokuwa ng'ombe unaweza kumrudisha.

"Madamu," Waitara akasema, kipaza sauti kikayadaka yote. "Samahani sana. Kusimama nimesimama. Na pilau nitakula, nisikudanganye. Lakini kubariki siwezi."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi sio mwenye mji. Nikimtemea huyu mtoto, mwenyewe akiwa amekaa palepale ananiangalia, mimi nitavimba tumbo. Na mtoto hatapata kitu. Chukua maji yako, madamu."

Akaweka chupa juu ya meza, akafungua kifungo cha koti, akakaa. Kuku mwekundu akatoa sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee uwanjani.

"Basi mwenye mji ni nani?" Madamu Klementina aliuliza, kwa upole kabisa, kwa sababu hakujua anauliza nini.

Regina hakumtazama Gati, alimtazama mama yake. Gati naye alitazama chini, kwenye majani yaliyokanyagwa kati ya viatu vyake. Alikuwa ameahidi. Sauti yake ile ya kuita ng'ombe ingefika Sirari mpakani kama angeiachia, lakini aliibana. Alisikia kiti cha pembeni kikisogea. Akajua Boke anaondoka, anakimbia aibu.

Boke hakuondoka. Alikuwa amesimama.

"Ni huyu," akasema.

Hakuna aliyesikia vizuri. Mtu wa mbele akasema, "Sauti!"

"Nasema ni huyu!" Boke akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Huyu wa zambarau. Anaitwa Gati. Mimi ni mke wake. Alinitolea ng'ombe nilipokuwa na jino limevunjwa na mtu, akanileta kwake, na tangu siku hiyo sijapigwa. Shamba ni lake, nyumba ni yake, na mtoto ni wake. Yule mzee Waitara nilimwomba mimi. Niliogopa mtacheka. Sasa chekeni tumalize, tule."

Wapo waliocheka. Kijana mmoja upande wa wageni aliguna, mama mmoja akaficha mdomo kwa kiganja. Boke akawatazama mmojammoja, akiwa bado amesimama, mpaka wakachoka. Na Waitara, Mungu ampe maisha marefu, akaanza kupiga makofi, na wazee wakamfuata, kisha uwanja.

Gati alitembea kwenda mbele hajui miguu ilikuwa ya nani. Madamu Klementina akapiga goti. "Shikamoo, mama. Nisamehe, sikujua." Gati akamwitikia, akamshika bega, akasema hakuna kosa, mtu haulizi asipotaka kujua. Kisha akachukua chupa.

Alijaza maji mdomoni, akamnyunyizia Regina kifuani mara ya kwanza na ya pili, shati la shule likaloa. "Ukue," akasema. "Uvuke kila mto utakaoukuta. Ukisoma vitabu vyao, visome mpaka chini. Mtihani uuone kama ndama, uushike miguu." Watu wakaitikia. Regina alikuwa analia na kucheka, pua inamchuruzika, na hakuonekana kama mtoto anayeogopa bweni.

Gati akageuka arudi kitini, akamkuta Boke amesimama nyuma yake. Amekuja mpaka mbele. Alikuwa anafungua kifungo cha juu cha gauni lake.

"Na mimi," Boke akasema.

Hapo ulimi wa Gati, ulioshinda kesi za mipaka na kuwanyamazisha maofisa wa kata, ulikwama. Alisimama na chupa yake. "Wewe nikuombee nini, Boke?" akauliza kwa sauti ndogo ambayo kijiji chake hakijawahi kuisikia.

"Omba tuzeeke."

"Mimi nimeshazeeka."

"Basi unisubiri."

Gati akainua chupa, akajaza maji mdomoni, lakini hakuweza kuyashika. Yalimwagika yote kidevuni, yakashuka kwenye zambarau, na Boke akasogea karibu zaidi ili yampate.